Hukumu ya Tone la Damu

Msomaji, iko methali isemayo kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwaka 2014, hapa Runyenjes, niliisikia ikitupwa juu ya kitoto cha majuma sita. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa na virusi vya UKIMWI, na dawa alizimeza kila siku pasipo kukosa. Jirani mmoja alikitazama kitoto, akatikisa kichwa, akaitamka methali hiyo. Dada yangu alinyamaza, nami sikuwa na jibu.

Jibu lilianzia hospitalini. Mwuguzi alichoma kisigino cha mtoto, akadondosha damu juu ya karatasi nene, akaikausha ipelekwe maabara ya mbali. Nikamwuliza kwa nini asipimwe palepale kama watu wazima. Akanieleza kuwa kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili wanaopigana na virusi. Mtoto huazimwa askari hao na mama yake tangu tumboni, na mkopo huo waweza kudumu hata miezi 18. Kwa hiyo kipimo kile kingemhukumu mtoto kwa damu ya mama. Maabara haina budi kutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe.

Lakini vinasaba hivyo huweza kuwa vichache mno visionekane. Basi huzidishwa kwanza. Njia hiyo ilibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Kary Mullis, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Fikiri kamba ya ncha mbili zilizosokotwa pamoja: hiyo ndiyo DNA. Ikitiwa katika joto la digrii 95 hivi, pande zake mbili huachana. Ikipozwa, vipande vifupi vilivyotengenezwa kwa kusudi hilo hushika mahali pao katika vinasaba vya virusi, wala si pengine. Kisha kimeng'enya hujenga upande uliokosekana, na kamba moja huwa mbili. Kimeng'enya hicho asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Ndiyo sababu hakiharibiwi na joto lile. Mbili huwa nne, nne huwa nane, na baada ya mizunguko 30 kamba moja yaweza kupita milioni elfu moja. Bali pasipo na virusi, hapana cha kuzidishwa: sifuri mara mbili ni sifuri.

Tulingoja kwa majuma kadhaa. Jibu likaja: virusi havikuonekana. Kwa kuwa maziwa ya mama nayo huweza kuvipitisha, mtoto alipimwa tena na tena mpaka alipopita miezi 18, na jibu halikubadilika. Leo yuko shuleni, na kwa mbio hashikiki.

Lakini usidhani, msomaji, kwamba jibu jingine lingeithibitisha methali ya jirani. Lingempa mtoto dawa mapema, naye angeishi. Nyoka hakuwako nyumbani mwetu: si mtoto, wala si mama yake.