Hema Kando ya Mto Sigi

Maji yatokayo bombani katika nyumba nyingi za mji wa Tanga yameanza safari yake katika misitu ya Usambara Mashariki. Mto Sigi huyateremsha kutoka milima ya Amani, wilayani Muheza, hadi bwawa la Mabayani, kisha yakasafishwa na kupelekwa mjini. Sisi tuliokwenda kupiga hema kando ya mto huo tulikuwa, kwa hakika, wageni kwenye kisima cha watu wengine.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo huko Amani mwaka 1902, na reli ndogo ikafika Sigi. Reli haipo tena. Nyumba ya stesheni ingali imesimama. Msitu wenyewe ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997.

Kulala porini pasipo umeme wala choo kuna adabu zake. Baada ya kupata kibali, tulisimamisha hema mahali palipoinuka, kwa kuwa mvua ikinyesha vileleni mto hujaa ghafla, hata kama mlipo ninyi ni pakavu. Tulikagua ardhi kwanza: penye msafara wa siafu hapalaliki. Shimo la choo tulilichimba hatua 100 kutoka majini, tukalifukia. Tulipikia mtungi mdogo wa gesi, tukaziacha kuni zioze zirutubishe msitu.

Vyombo havikuoshwa mtoni. Hata maji ya udhu tuliyateka kwa birika, tukatawadha mbali na ukingo, na sabuni haikugusa mto. Watoto wakauliza, maji yote haya, ubahili wa nini? Tukatupa jani mtoni, likaelea, likapotea kwenye kona. “Laenda Tanga, kwa shangazi yenu.” Tangu hapo wao ndio waliotulinda sisi.

Usiku, perere alilia. Sauti yake hukwaruza, ikapanda hadi kuwa mayowe, na mwenye asiyemjua humdhania jitu, ilhali ni mnyama wa kadiri ya sungura. Hatukulala sana. Baada ya swala ya alfajiri hondohondo walipita juu yetu, mabawa yao yakivuma kama pepo za kaskazi.

Anayetaka kwenda aiepuke masika, Machi hadi Mei, kwani barabara ya kutoka Muheza hugeuka tope. Naye achukue blanketi: baridi ya Juni kule huwatetemesha watu wa pwani.