Mlio Ndani ya Motokari Yangu



Nataka kuwasimulia habari isiyonipa sifa. Mimi ni mwalimu, na kila siku huwaambia wanafunzi wangu wasijibu hesabu kabla ya kusoma swali. Lakini mimi mwenyewe, hapa Lubumbashi, nilimhukumu kijana kwa sababu ya mlio wa radio, wala sikuuliza mlio huo ulitoka wapi.

Kijana huyo ni mtoto wa dada yangu. Anajifunza ufundi wa umeme wa motokari katika garaji ya mtaa wetu. Nilipopata motokari ya petroli, kuukuu lakini nzima, nilimpa kazi ya kwanza ya mikono yake: kutia radio, spika nne, na ule mtambo wa kukuza sauti uitwao amplifaya. Tulipatana kwamba nusu ya malipo ataipokea siku ile, na nusu mwisho wa mwezi. Alimaliza kazi kwa siku mbili. Tulipokwenda Likasi kuwatazama wazee, safari ya kilomita kama 120, nyimbo zilisikika safi, na mama wa watoto alimsifu kijana njia nzima.

Kabla mwezi haujaisha, mlio ukaingia. Ulikuwa mwembamba kama wa mbu sikioni. Nikikanyaga mafuta, unapanda, nikiachia, unashuka. Nikamwita kijana, na mbele ya mama yake na majirani wawili nikamwambia: «Kazi yako ni ya ovyo. Nusu iliyobaki hutaipata, na bwana wako wa garaji nitamwarifu.» Akajibu kwa sauti ndogo: «Mjomba, niruhusu nipime kwanza.» Sikumruhusu. Akainamisha kichwa, akaenda zake.

Kisha nikaongeza kosa la pili. Nilikwenda sokoni nikanunua kichujio, yaani kidude kinachofungwa kwenye waya wa umeme wa radio ili kuzuia kelele. Nikakifunga, mlio ukabaki vile vile. Nilikuwa nimenunua dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

Ndipo nikamwendea mzee mmoja aliyetengeneza radio maisha yake yote. Akacheka kidogo, akasema: «Mwalimu, tafuta kwanza mlango alioingilia mwizi. Na upime jambo moja moja. Ukigusa mawili pamoja, hutajua ni lipi lililoponya.»

Taabu hii ina umri sawa na radio za motokari zenyewe. Mwaka 1930, Paul Galvin na mafundi wake wa Chicago walipotengeneza radio waliyoiita Motorola, walipaswa kushindana na kelele za cheche za mashine. Kelele za cheche husikika tik-tik-tik, na hutoka kwenye plagi na nyaya zake. Lakini mlio mwembamba unaopanda pamoja na mwendo wa mashine mara nyingi una asili nyingine, nayo ni alternata, mtambo unaotia umeme katika betri. Alternata huzaa umeme wa kwenda na kurudi. Vidude vinavyoitwa dayodi huunyosha uende upande mmoja. Hata hivyo hubaki mawimbi madogo, na yakipata njia ya kuingia katika sauti, ndiyo huo mlio.

Basi tukaanza. Kwanza mzee alizima mashine, akaiacha radio ikiimba. Mlio ukakoma, kwa hiyo radio yenyewe haikuwa na kosa. Pili, aliwasha mashine akapunguza sauti mpaka sifuri. Nyimbo zikanyamaza, lakini mlio haukupungua hata kidogo. «Sasa twajua,» akasema, «kelele huingia baada ya kitufe cha sauti. Kama ingepungua pamoja na nyimbo, tungetafuta huku mbele, kwenye antena au kwenye simu iliyounganishwa na radio.»

Tatu, alizima vyote, akachomoa katika amplifaya zile nyaya zinazoleta sauti kutoka radio, kisha akawasha tena. Kimya. Basi amplifaya nayo ilikuwa nzima, na kelele ilipita katika njia ya nyaya zile. Nne, akaweka kipima umeme kwenye betri. Mashine ikiwaka, kilionyesha volti 14.2, na mawimbi yalikuwa madogo mno. Kwa hiyo dayodi za alternata zilikuwa salama.

Tano, akainua mazulia. Waya mnene wa umeme ulipita kushoto, na nyaya za sauti zilipita kulia, mbali na wenzake. Mzee akatikisa kichwa kwa kusifu: «Aliyetandika hizi ni fundi. Wengi huzilaza pamoja, na kelele huruka kutoka waya huu hadi ule.» Niliona haya, nikanyamaza.

Mwisho akachukua waya mrefu, akaunganisha upande wa kutoa wa betri na mahali pa waya wa masi kwenye amplifaya, yaani waya unaorudisha umeme katika bodi ya motokari. Mlio ukakatika kama uzi. Akafuata waya wa masi hadi kwenye bolti yake, chini ya zulia la nyuma. «Mwalimu, nani aliyepaka rangi hapa?»

Ni mimi. Wiki mbili baada ya kijana kumaliza kazi, niliona kutu mahali pale. Nikafungua bolti, nikasugua kwa msasa, nikapaka rangi mara mbili kwa unadhifu mkubwa, nikairudisha bolti juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Umeme ulipokosa njia yake ulirudi kwa kupitia nyaya za sauti mpaka kwenye radio, na mawimbi ya alternata yakaingia pamoja nao.

Tuliondoa waya wa kutoa wa betri, tukakwangua mpaka chuma king'ae, tukakaza bolti, kisha tukapaka rangi juu yake ili kuzuia kutu. Kazi ya dakika kumi, wala haikuhitaji kununua kitu. Kichujio changu kipo mpaka leo katika sanduku.

Jioni ile nilikwenda kwa dada yangu. Niliomba wale majirani wawili waitwe, kwa maana maneno yaliyosemwa mbele ya watu hayafutwi sirini. Nikamweleza kijana mambo yote, nikamwomba radhi, nikamlipa nusu yake. Alipokea kwa mikono miwili. Kisha akauliza: «Mjomba, rangi ilipakwa chini ya bolti au juu?» Nikamjibu: «Chini.» Akatabasamu: «Ningeiona siku ile ile.»

Ndugu msomaji, motokari yako ikianza kulia, zima, washa, chomoa, pima, jambo moja moja. Na aliyefanya kazi akikuomba nafasi ya kupima, mpe.