Kivuli cha kipupwe

Ni Juni, na Mtwara imeingia kipupwe. Kusi linavuma tangu alfajiri, chai ya tangawizi haikosekani, na cherehani zetu zinapumzika kidogo, maana harusi nyingi husubiri fedha za korosho kuanzia Oktoba.

Wiki hii bi harusi mmoja kutoka Msimbati alikuja kupimwa gauni, akatuletea na vitabu vyake vya jiografia. "Dada zangu, vichukueni. Nikiolewa vya nini tena?"

Hatukumjibu. Tulifungua kimoja, tukasoma kwamba dunia imeinama nyuzi 23.5, na Juni jua huwa upande wa kaskazini, ndiyo maana kwetu ni baridi. Adhuhuri tukatoka uani, tukasimamisha ufito wa mita moja, tukapima kivuli chake kwa futikamba: sentimita 67, kimelalia kusini. Karibu na Oktoba 20 jua litapita utosini, na kivuli hicho kitakaribia kutoweka.

Bi harusi akachukua futikamba, akapima tena mwenyewe.

Sisi tuliishia kidato cha nne, tukajifunza ushonaji, na kwa miaka mingi tukaamini vitabu ni vya wengine. Tulijinyima mengi. Gauni tutalishona, in shaa Allah. Vitabu tumemfungia kwenye kanga, aende navyo kwa mumewe. Nanyi dada zetu, msiviache vyenu.