Mshale Usiojua Joto la Nachingwea

Mwandishi wa kumbukumbu hizi ni mtoto wa Ruangwa. Habari za ndege alizipata kwanza kwa babu yake, aliyeziona Dakota za miaka ya 1950 zikishuka Nachingwea, baada ya ule Mradi wa Karanga ulioanza 1947 na kumeza mamilioni ya pauni za Waingereza. Mradi ukafa. Reli ya Mtwara ikafungwa 1962. Kiwanja kikabaki, na mjukuu akaja kutua hapo miaka mingi akirusha Caravan za kukodi.

Chuoni wakufunzi walimtisha kwa baridi tu: kwenye hewa ya baridi ndege huwa chini kuliko altimita inavyosema, na mlima haukwepi. Joto lilipewa sentensi moja. Kwa rubani wa mkoa wa Lindi, mgawo huo ulikaa kinyume.

Altimita haipimi urefu. Inapima mgandamizo wa hewa, kisha inaugeuza kuwa futi kwa kudhani kwamba usawa wa bahari una nyuzi 15, na kwamba kila futi 1,000 zinashusha nyuzi 2 hivi. Kwa hesabu hiyo Nachingwea, kwenye takriban futi 1,400, ingekuwa na nyuzi 12. Msimu wa korosho, alasiri, kipimajoto kinaweza kufika 33. Hewa imetanuka, mshale unahesabu kana kwamba ni asubuhi ya Njombe.

Marubani hukadiria kosa la asilimia 4 ya kimo kwa kila nyuzi 10 za ziada. Mshale ukionyesha futi 2,000 juu ya kiwanja, ndege iko karibu 2,160. Siku moja akitokea Dar es Salaam, aliipita Ruangwa maili 20 hivi kabla ya kutua, na mjadala ulianzia hapo.

“Kapteni, namba ziko sawa,” msaidizi kijana alisema.

“Ziko sawa, mwanangu, ila tuko juu. Tazama kiwanja.”

Vilima havikuwa tishio. Tishio lilikuwa kufika juu mno, kusukuma pua chini, kisha kuelea huku njia ikiisha. Hewa ile nyepesi huifanya ndege ikimbie kuliko kipimamwendo kinavyosema, kana kwamba kiwanja kiko futi 3,900.

Kilichomfurahisha zaidi kilitokea ardhini. Akitua na altimita iliyowekwa kwa mgandamizo uliotolewa Mtwara, karibu na bahari, mshale ulisoma futi 60 au 70 chini ya kimo halisi cha Nachingwea. Wageni walitaka fundi aitwe. Altimita ilikuwa nzima kabisa.

Yule kijana sasa anarusha jeti. Chati za njia za kushuka kwa kufuata altimita huandikwa kiwango cha chini cha joto, na nyingine cha juu pia. Hizo za pili ndizo anazompigia picha mzee na kumtumia.