Uzee wa Mizimu

Kutokufa ni jambo moja. Kutozeeka ni jambo jingine. Watu wa kale wa kaskazini ya Ulaya walilijua hilo. Katika hadithi zao, zilizoandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland katika karne ya 13, miungu hawakumiliki ujana wao. Ujana huo ulikuwa katika matufaha yaliyotunzwa na Idunn. Siku alipochukuliwa na jitu Thjazi, miungu waliota mvi wakakongoka, wala hawakupata nafuu mpaka aliporudishwa. Walioabudiwa na wote walitegemea mkono wa mwanamke mmoja.

Iceland iko mbali na Nachingwea na Ruangwa, lakini wazo hilo si geni kwa wazee wa huko. Wamwera, Wayao na Wamakua wa kusini waliamini kwamba mtu akifa haondoki katika ukoo. Alikuwa mzimu, akapelekewa unga. Karl Weule, Mjerumani aliyesafiri katika nchi za Lindi na Masasi mwaka 1906, alieleza habari za sadaka zilizowekwa chini ya mti wa msolo kwa ajili ya wafu. Konzi ya unga haimshibishi mtu. Kazi yake ilikuwa kumwita aliyekufa, na kuitwa ni kutajwa jina.

Jina, basi, ndilo tufaha la mzimu. Mwanachuoni wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alieleza kuwa kwa Waafrika wengi marehemu hubaki karibu maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Afapo mtu wa mwisho aliyemjua, marehemu huingia katika kundi la wasio na majina. Mzimu haoti mvi, husahauliwa.

Wazee waliutafutia uzee huo dawa. Mkuu wa Kiyao alipofariki, mrithi wake, aghalabu mtoto wa dada yake, alivaa jina lake. Hivyo Mataka alifuatwa na Mataka: mwili ukazikwa, jina likaendelea kutembea.

Nachingwea imeona pia vitu vikubwa vikizeeka upesi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga. Msitu ukafyekwa kwa mitambo, na reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara. Mpango uliachwa mwaka 1951, reli ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Mtoto aliyezaliwa mpango ulipoanza alikuwa bado kijana.

Leo wengi wa huko ni Waislamu na Wakristo, na dini hizo zimewapa wafu tumaini jingine. Hata hivyo, swali la wazee halikuzikwa pamoja nao. Kijana wa Ruangwa aendapo Dar es Salaam, karatasi zake hubeba jina la baba na la babu. Jina la bibi mzaa mama, ambaye kwa desturi ya Wamwera ndiye shina la ukoo, halina mahali pa kuandikwa. Akiulizwa jina la mama wa bibi huyo, huenda akanyamaza. Na katika kimya hicho mtu mmoja huzeeka.

Miungu wa kaskazini walimrudisha Idunn kabla hawajachelewa. Kijana naye aweza kurudi nyumbani, mama yake angali hai, akauliza.