Shakwe wa Kasanga

Neno "shakwe" nililisoma kabla sijamwona ndege mwenyewe. Huku Matai, juu ya uwanda wa Ufipa, bahari twaijua kwa diwani za washairi wa pwani. Lakini tukiteremka hadi Kasanga tunalo Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachozidi mita 1,400, na juu yake shakwe na membe huizunguka mitumbwi kama wanavyozizunguka ngalawa zenu huko visiwani.

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki hulitawala ziwa. Huyasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na huku kwetu maji ya chini, yenye baridi na rutuba, hupanda. Viumbe vidogo huzaliana, dagaa huvifuata, mgebuka humfuata dagaa, na ndege huwafuata wote. Upepo uletao riziki ndio huohuo uzamishao mitumbwi.

Mwaka 1996 mzee mmoja mvuvi aliniambia: "Mwanangu, ukiwaona ndege wametua mchangani mchana, hawavui, na midomo wameielekeza upande mmoja, usisukume mtumbwi." Nilitoa daftari nikayaandika maneno yale kwa furaha. Nilidhani nimepata shairi.

Julai ya mwaka uliofuata nilikuwa ufukweni na mtoto wa shangazi yangu, naye anatayarisha karabai, kwa kuwa usiku ule haukuwa na mwezi. Ndege walikuwa wametua mchangani, midomo yao kusini mashariki. Niliwaona. Nikaanza hata kutafuta vina vya ubeti. Sikumwambia neno. Mtumbwi ulipatikana siku ya tatu, yeye hakupatikana.

Sisemi kwamba ndege hutabiri. Shakwe huukabili upepo ili manyoya yake yasifumuliwe. Na maji yakichafuka huko mbele hamwoni dagaa, basi hurudi nchi kavu. Hatuonyi sisi, anajitunza mwenyewe. Kusoma alama ile ni kazi ya binadamu, na mzee yule alikwisha kuisoma kwa niaba yangu. Alinipa onyo, nami nikalifanya pambo.

Ubeti ule sikuumaliza. Siku hizi, kila nifasiripo shairi lenye ndege wa majini, huwauliza kwanza wavuvi ndege huyo anafanya nini hapo. Na nikishuka Kasanga, huwatazama ndege mchangani, kisha humwambia kwa sauti yeyote anayesukuma mtumbwi. Wengine hunicheka. Hunisikia, hata hivyo.