Dala ya Babu

Wenzangu wa kijiweni pale stendi ya Kyela wameniita Gavana, na jina limeganda. Siyo kwamba nina pesa. Kwa kawaida mfuko wangu una nauli ya kunirudisha Ipinda, basi. Wananiita hivyo kwa sababu kila nikipewa chenji lazima niigeuze nisome mwaka wake. "Gavana bwana, hela haisomwi, hela inaliwa!" Nami hucheka nao, maana mtu mwenye cheti cha kidato cha nne na riwaya isiyokwisha tayari ni kichekesho. Akiongeza na mkebe wa sarafu kuukuu, nani atamwonea huruma?

Lakini leo, ndugu msomaji, naomba usinicheke. Nina kinyongo na sarafu zetu za ukumbusho, na sehemu ya kinyongo hicho inanihusu mimi mwenyewe.

Mkebe ulikuwa wa babu. Babu alikuwa baharia wa meli za bandari ya Itungi, zile zilizokuwa zikipita Matema, Lupingu na Manda hadi Mbamba Bay. Kila ilipotoka sarafu ngeni, alichomoa moja katika mshahara wake akaitupia mkebeni. "Hii ina siku yake," alikuwa akisema. Nikiwa mdogo nilimwaga mkebe ule mkekani, yeye akanisomea kama mtu anayesoma kitabu cha hadithi. Hapa shilingi ya 1966 yenye mkono ulioshika mwenge. Hapa senti hamsini ya sungura, senti ishirini ya mbuni, senti tano ya samaki. Hapa tambala ya Malawi yenye jogoo, chenji ya ng'ambo ya mto Songwe. Na hapa heller ya Mjerumani yenye tundu katikati, aliyoikuta katika ushanga wa mama yake.

Alizozipenda kuliko zote ni dala. Kijana mwenzangu, kama hujui dala ni nini, basi umeipanda bila kujua. Dala ilikuwa sarafu ya shilingi tano, nzito, yenye pembe kumi. Ilitoka 1971 kuadhimisha miaka kumi ya uhuru. Mwaka 1976 ikatoka nyingine ya miaka kumi ya Benki Kuu, na 1978 nyingine tena ya mkutano wa FAO wa nchi za Afrika uliofanyika Arusha. Watu waliiita dala kwa kuilinganisha na dola. Miaka ya themanini ilipoanza, mabasi ya watu binafsi yakaingia barabarani Dar es Salaam, nauli ikawa shilingi tano, makonda wakapaza sauti mlangoni: "Dala! Dala!" Ndiyo daladala yenyewe hiyo. Mtu alikuwa analipa nauli kwa sarafu ya ukumbusho wa uhuru wake, kondakta anaisaga kiganjani na wenzake, kesho iko sokoni. Hakuna aliyeambiwa aiheshimu, lakini imetuachia neno ambalo hata Rais analitumia.

Mwaka 1981, uhuru ulipotimiza miaka 20, ikatoka ya shilingi ishirini. Babu akaiweka.

Sasa nije 2011. Mimi nilikuwa darasa la tano, Desemba, shule zimefungwa. Redio haikuwa na neno jingine ila miaka 50 ya uhuru. Ndipo babu akasikia kwamba Benki Kuu imetoa sarafu ya ukumbusho ya madini ya fedha, thamani yake shilingi 50,000. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Elfu hamsini kwa sarafu moja, au nimesikia vibaya?"

"Kwa moja, babu."

Bibi akaguna huko jikoni. Hakusema kitu, aliguna tu, na mguno ule ulitosha. Nyumbani kwetu elfu hamsini ilikuwa mpunga, na mpunga ndio maisha ya Kyela.

Babu akajibu kama aliyeulizwa swali. "Ya miaka kumi ninayo. Ya ishirini ninayo. Ya hamsini nikiikosa, mkebe utakuwa na pengo kama mdomo wangu." Kesho yake akauza gunia.

Tukaondoka alfajiri na kosta, mimi nikiwa nimebanwa kati yake na kikapu cha ndizi cha mama mmoja. Tukuyu mvua, kama kawaida yake. Uyole tukaona jua. Mbeya mjini babu akavaa koti alilokuwa amelikunja mapajani njia nzima, akanishika mkono, tukaingia benki moja ambayo jina lake nalihifadhi.

"Shikamoo babu," dada wa dirishani akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua ile ya uhuru."

"Ya uhuru ipi, babu?"

Babu akaeleza. Akaeleza tena. Akazitoa noti zake akazipanga pale kwenye kidirisha. Yule dada akatabasamu, na kwa haki ya Mungu hakuwa na ubaya. "Sasa babu, hela si hizi unazo? Unataka kununua hela kwa hela?"

Foleni nzima ikacheka. Akamwita mwenzake, mwenzake naye hajui. Mwisho akafungua droo akatoa sarafu za shilingi mia mbili, zinang'aa. "Mpya tulizonazo ni hizi." Babu akachukua moja akaigeuza. Upande mmoja Karume, upande wa pili simba wawili. "Hawa simba ninao," akasema, akairudisha.

Njia ya kurudi hakuongea hadi Kiwira.

Shule zilipofunguliwa mwalimu wangu ndiye aliyenifafanulia kwamba tulibisha mlango siyo. Benki Kuu ina ofisi yake hukohuko Mbeya, na benki za watu kuweka akiba ni kitu kingine kabisa. Sisi tungejuaje? Kwetu benki ni benki. Kufikia hapo ile elfu hamsini ilikwisha geuka mbolea na ada ya shangazi. Babu hakuuza gunia la pili. Akafariki miaka mitano baadaye bila kuigusa sarafu ya miaka hamsini.

Utaniambia kosa lilikuwa letu. Nakubali nusu. Lakini hebu fikiri. Sarafu ni ya kukumbusha uhuru wa wote, na ili uipate sharti ujue benki na benki zinatofautiana, uwe na elfu hamsini ambayo huna kazi nayo, na uwe na nauli ya kwenda mjini. Huo ukumbusho unamkumbusha nani?

Nilipokua nikaanza kufuatilia habari zake, nikaona mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1974 zilitoka sarafu tatu za hifadhi ya wanyamapori, mpango uliohusisha nchi nyingi duniani: shilingi 25 ya fedha yenye twiga, shilingi 50 ya fedha yenye faru, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Ile ya duma ina uzito wa zaidi ya gramu 33, sehemu tisa katika kumi ni dhahabu. Mtu akiipeleka dukani leo kwa thamani iliyoandikwa juu yake, atapata soda na maandazi. Hapo ndipo utajua kwamba haikutengenezwa iende dukani. Ilitengenezwa iuzwe kwa wakusanyaji wa nchi tajiri, walale nayo kabatini. Twiga wetu, faru wetu, duma wetu, na sisi hatukuwaona hata kwenye chenji.

Sisemi serikali isiuze. Nchi inahitaji fedha za kigeni, na mkusanyaji wa Ulaya akitaka kulipia faru wetu, alipie. Ninachosema ni kwamba tuliwahi kujua namna ya kufanya yote mawili. Mwaka 1981 ilitoka ya dhahabu ya shilingi 2,000 kwa mwenye nazo, ikatoka ya fedha ya shilingi 200 kwa mwenye kiasi, na ikatoka ya shilingi ishirini, chuma cha kawaida, kwa baharia wa Itungi. Sherehe moja, milango mitatu. Mwaka 2011 ule mlango wa tatu haukuwapo.

Kuna na jambo jingine. Nchi yetu inaagiza sarafu zake nje, zinakuja na meli kama mitumba. Iliwahi kutokea zikatengenezwa hapahapa. Masultani wa Kilwa walikuwa na sarafu zao za shaba karne nyingi zilizopita. Na 1916, Wajerumani walipozibiwa njia ya bahari na vita, waligeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Dhahabu ya Sekenke wakaitengeneza sarafu ya rupia 15 yenye tembo, zaidi kidogo ya elfu kumi na sita. Leo tembo yule wa Tabora anauzwa kwa bei ya nyumba. Huwa najiuliza wangapi kati yao wamebaki Tabora.

Hapa ndipo inabidi niseme la kwangu, maana ni rahisi kuinyooshea kidole Benki Kuu.

Mwaka 2021 nilikuwa na miaka ishirini na moja, sina kazi, riwaya imenijaa kichwani na sina pa kuiandikia. Kasumulu, pale mpakani, kulikuwa na jamaa aliyekuwa akinunua sarafu za zamani, akiziuza kwa watu ambao hakutaka kuwataja. Nikaufungua mkebe. Nikajiambia dala ziko tatu, moja haitauona mkebe ukilia. Jamaa akazigeuza zote, akaichagua ya 1971, ya miaka kumi ya uhuru. Akanipa elfu tano na kunipiga bega: "Umefanya biashara, mdogo wangu." Nikanunua kaunta buku na kalamu. Sura nne za kwanza za riwaya yangu zimeandikwa juu ya miaka kumi ya uhuru ya babu yangu.

Miezi kadhaa baadaye mshikaji mmoja mwenye simu nzuri akanionyesha sarafu za Tanzania zinazouzwa na watu wa Ulaya. Dala zimepangwa pale, zimepigwa picha pande zote mbili, pembe zao kumi safi. Nilizikuza nikazitazama hadi chaji ikaisha. Sikuweza kujua kama yetu ilikuwamo. Dala hazina alama ya mkebe zilikotoka.

Kwa hiyo mkebe sasa una mapengo mawili. Moja ni la 2011, na hilo nitaendelea kulidai. Jingine ni la 1971, na hilo ni langu mwenyewe. Niliyemlaumu kwa kupeleka kumbukumbu ng'ambo alikuwa na hazina ya taifa ya kujaza. Mimi nilikuwa na kaunta buku.

Uhuru wa Tanganyika utatimiza miaka 70 mwaka 2031. Kama kuna mkubwa anayesoma majarida ya vijana, naomba mambo matatu tu. Itoke na sarafu ya mfukoni, iingie kwenye chenji, ifike Ipinda yenyewe bila mtu kupanda kosta. Ile ya fedha ikitoka, watangaziwe watu mapema ni mlango upi, dirisha lipi, na zimetengenezwa ngapi, ili anayeuza gunia aliuze akijua. Na dada wa dirishani naye aambiwe, asije akamcheka mzee wa mtu.

Jumamosi iliyopita nilirudi Kasumulu. Yule jamaa hayuko tena, wanasema amehamia Tunduma. Nikauliza uliza sokoni, mama mmoja muuza mchele akanisikia, akafungua fundo la kanga yake. Ndani, katikati ya noti, dala ya 1971. Pembe zimelika, uso wa Mwalimu umelainika kama jiwe la mtoni.

"Mama, niuzie. Nakupa elfu kumi." Sikuwa nayo, lakini nilisema.

"Siuzi, mwanangu. Hii ni chenji ya siku niliyofika Dar mara ya kwanza. Nimeshalala njaa nayo."

Nikamwongezea bei ambayo sikuwa nayo pia. Akafunga fundo, akaendelea kupima mchele.

"Ndaga, mama," nikamwambia, na nilimaanisha. Nimetembea nikiifikiria njia yote hadi stendi, vile alivyolikaza lile fundo kwa meno.